Tezi Zinazopotea Mezani: Niliyojifunza Nikichunguza Mirija Mikubwa ya Nyongo

Nilipochagua tezi zinazoizunguka mirija ya nyongo kuwa mada ya tasnifu yangu ya uzamili katika patholojia, nilidhani kwamba kazi ngumu ingekuwa ile ya kukaa mbele ya hadubini. Haikuwa hivyo. Tezi hizi zikifika chini ya lenzi zikiwa nzima hazimsumbui sana mtu mwenye subira. Taabu yote iko nyuma yake: mochwari, katika mazungumzo na ndugu wa marehemu, kwenye ndoo ya formalini, yaani dawa ya kuhifadhi tishu, na kwenye kisu kinachoamua ni upande upi wa mrija utakaoonekana na upi utakaopotea. Ninaandika kwa ajili ya daktari anayesomea patholojia, au mteknolojia wa maabara, ambaye atakabidhiwa kazi kama hii, kwa sababu vitabu vya kiada hueleza tezi zilivyo lakini havielezi namna ya kuzifikia.

Kwa asiyezifahamu, habari yake ni hii. Nyongo hutengenezwa na seli za ini, huingia katika vijifereji vidogo mno, kisha katika mirija inayozidi kupanuka kadiri inavyolikaribia lango la ini, yaani mahali mirija na mishipa mikubwa inapoingia na kutoka, hadi mrija wa kulia na wa kushoto inapokutana na kutoka nje kuelekea duodeni, sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo. Mirija midogo kabisa, yenye kipenyo kisichofika mikroni 100 (sehemu ya kumi ya milimita), ina ukuta wa safu moja ya seli fupi na haina tezi. Mirija mikubwa, yaani wa kulia, wa kushoto na matawi yake ya mwanzo, ndiyo iliyozungukwa na tezi, na vivyo hivyo mirija iliyo nje ya ini. Tezi hizi ni nyingi zaidi pale mrija wa nyongo unapomwaga ndani ya duodeni, katika mrija unaotoka kwenye kifuko cha nyongo, na langoni mwa ini. Kifuko chenyewe cha nyongo hakina tezi za aina hii, ingawa shingoni mwake huonekana tezi za ute ambazo zimewahi kunichanganya mimi na wenzangu wengi.

Mwingereza Lionel Smith Beale, aliyeishi kati ya mwaka 1828 na 1906, alikuwa akisukuma rangi ndani ya mirija ili ionekane vizuri, na vifuko vidogo vilivyojitokeza ubavuni mwa mrija hadi leo huitwa vifuko vya Beale. Hata hivyo, maelezo tunayoyategemea zaidi yalitoka Kanazawa, nchini Japani, ambako Yasuni Nakanuma na Tadashi Terada, katika miaka ya 1980 na 1990, walizichunguza tezi hizi kwa uvumilivu ambao sijauona mahali pengine. Wao ndio waliozipanga katika makundi mawili tunayoyatumia. Kundi la kwanza ni tezi zilizo ndani ya ukuta wa mrija: fupi, zenye umbo la mrija mdogo usio na matawi, zikitoa ute na kumwaga moja kwa moja ndani ya njia ya nyongo. Kundi la pili ni tezi zilizo nje ya ukuta, katika tishu unganishi inayouzunguka mrija: zina matawi, zimekusanyika katika vishada, zimechanganya seli za ute na seli za majimaji, nazo humwaga kupitia mfereji wake wenyewe ambao hukatiza ukuta kwa mshazari kabla ya kuifikia njia ya nyongo.

Jambo moja lililoamua kila nilichofanya baadaye ni mpangilio wa kundi hili la pili. Ndani ya ini tezi za nje ya ukuta hazikutapakaa sawasawa pande zote za mrija. Zimejipanga katika safu mbili, kila safu ubavu wake, zikielekeana. Mrija ukikatwa kwa mkato wa kupita, ukauangalia kwa lenzi ndogo, unaona kitu kinachofanana na ngalawa na matengo yake mawili. Mwenye kuukata mrija kwa urefu anaweza kupita katikati ya safu hizo mbili asikutane na tezi hata moja, kisha akaandika kwamba ini lile halina tezi, naye akawa na slaidi ya kuthibitisha uongo wake.

Basi tuingie mochwari. Ini kwa kawaida hutolewa kwa kukatwa mbele ya lango lake, kwa haraka, kwa sababu mpasuaji anatafuta sababu ya kifo, na sababu ya kifo mara chache hukaa kwenye mirija ya nyongo. Mkato huo hupita palepale tezi zinapoishi kwa wingi. Maini ya mwanzo niliyokabidhiwa yalikuwa mazuri kwa kila hali isipokuwa hiyo: lango lilikuwa limechanika, mirija imejikunja ndani, na hapakuwa na njia ya kujua kushoto wala kulia. Yaliniondoka yote. Aliyenitoa kwenye shimo hilo hakuwa profesa bali mhudumu wa mochwari, mtu mzima aliyekuwa ameshika kisu tangu sijazaliwa, ambaye nilimwamkia kila asubuhi na yeye akaniita mwanangu mpaka mwisho wa kazi. Alinionyesha namna ya kuutoa mwili wa ini pamoja na duodeni na kichwa cha kongosho vikiwa vimeshikana, mrija wa nyongo ukiwa umefungwa uzi kabla ya kuguswa chochote, na kifuko cha nyongo kikiachwa bila kupasuliwa. Kufunga uzi kuna maana kubwa. Nyongo ikimwagika juu ya tishu ambayo haijahifadhiwa huila, na katika joto la pwani huila haraka.

Anayetaka kufanya kazi hii ajue kwamba seli zinazofunika uso wa ndani wa mrija ndizo huanza kuharibika baada ya kifo. Zinabanduka na kuelea ndani ya njia ya nyongo kama karatasi iliyolowa, ilhali tezi zilizo ndani zaidi ya ukuta hubaki na sura yake kwa muda mrefu kuliko hizo. Nilipoona kwa mara ya kwanza mrija usio na ngozi ya ndani, na tezi zake zikiwa nzima pembeni, nilitafuta ugonjwa ambao haukuwapo. Kwa hiyo nilianza kuandika, kwa kila mwili, saa iliyopita tangu kifo na saa mwili ulipoingia kwenye jokofu, na maelezo hayo yaliokoa sura nzima ya matokeo wakati wa utetezi wa tasnifu. Mtahini anapouliza kama kubanduka huko ni ugonjwa au ni kuoza, jibu lazima liwe kwenye daftari. Kumbukumbu ya kichwa haimridhishi mtu.

Sehemu iliyonielemea moyo zaidi ilikuwa ridhaa. Uchunguzi wa maiti unaofanywa kwa agizo la polisi una utaratibu wake wa kisheria, lakini kipande cha ini kinachobaki maabara kwa ajili ya utafiti ni jambo jingine kabisa, na kamati ya maadili ilisisitiza kwamba ridhaa ya ndugu iwe ya maandishi na ipatikane kabla ya kisu. Wengi wa marehemu walikuwa vijana waliokufa kwa ajali za barabarani. Familia nyingine zilitaka kuzika kabla ya alasiri. Nyingine zilikuwa na gari la kusafirisha mwili mikoani, injini ikiunguruma nje. Mimi nikawa mtu wa tatu anayewasogelea na karatasi, baada ya askari na karani.

Mzee mmoja ninamkumbuka.

"Shikamoo, baba. Poleni sana kwa msiba."

"Marahaba, daktari. Nimeambiwa mnataka kipande cha ini la mwanangu. Kitarudi?"

"Hakitarudi, baba. Kitabaki maabara, ndani ya nta. Ini lililobaki litarudishwa mahali pake kabla ya kushonwa."

"Basi niache nimzike akiwa kamili."

"Sawa, baba. Mungu awape subira."

Nilimshukuru na kuondoka, na mwili wa mwanawe haukucheleweshwa hata kidogo. Kutokana na mikutano ya aina hiyo nilijiwekea taratibu ambazo sasa nawafundisha wanaonifuata. Uliza kwanza nani ni msemaji wa familia, kwa sababu mara nyingi si mzazi bali ni baba mdogo au mjomba, na ukimfuata mama aliyekaa chini analia utakuwa umemkosea yeye na familia nzima. Toa pole kabla ya karatasi. Sema waziwazi kwamba kipande hakitarudi, maana neno la kuzungukazunguka hugunduliwa. Na sema mapema kwamba wakikataa, hakuna kitakachobadilika katika muda wa kukabidhiwa mwili, kwa kuwa hofu yao kubwa ni kucheleweshwa. Kuna waliokubali wakasema jambo lililonishangaza, kwamba angalau kitu cha kijana wao kitawafaa wengine. Lakini sikuwahi kuitumia kauli hiyo kumshawishi mwingine, na ninadhani si haki kuitumia.

Baada ya ridhaa kuna formalini, na hapa ndipo fedha zangu nyingi za mwanzo zilipokwenda. Formalini ya mochwari mara nyingi huchanganywa kwa makadirio na haitiwi chumvi za kuzuia uasidi. Kwa kuzuia mwili usioze inatosha. Kwa tishu yenye damu nyingi kama ini, uasidi huo huacha punje za rangi ya kahawia iliyokolea kila mahali damu ilipokuwa. Mtu wa nchi za malaria anazielewa punje hizo vibaya kirahisi, kwa sababu rangi ya malaria inayobaki ndani ya ini inafanana nazo, na zote mbili hung'aa chini ya mwanga uliopolaishwa, yaani uliochujwa utetemee upande mmoja. Niliishia kununua mwenyewe chumvi za fosfeti na kutengeneza formalini ya asilimia 10, sehemu moja ya formalini kali kwa tisa za maji, kiasi kisichopungua mara 10 ya ujazo wa tishu. Bajeti ya utafiti haikuwa na mstari wa chumvi. Weka mstari huo, pamoja na glavu, barakoa ya kuzuia mvuke na chombo chenye mfuniko unaofunga, maana mvuke wa formalini huchoma macho na koo, na chumba kisicho na feni ya kutoa hewa hakifai kukaliwa kwa saa nyingi, hata kama wenyeji wake wanasema wamezoea.

Ini zima la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Formalini hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa au pungufu, na hupungua kasi kadiri inavyoingia ndani. Ukilitumbukiza ini lote ndani ya ndoo na kwenda nyumbani, lango lake, lililo katikati na lililofunikwa na tishu nene, litakuwa la mwisho kuhifadhiwa, yaani litakuwa limeoza wakati kingo zimekwisha kukauka. Kilichonifaa ni kusukuma maji ya chumvi yaliyopoa ndani ya mrija, taratibu kwa sindano isiyo na ncha, kuondoa nyongo, kisha kusukuma formalini kwa njia hiyohiyo, na hapo ndipo kulitenga lango pamoja na sentimita chache za ini kila upande na kulihifadhi peke yake. Nguvu ya kusukuma iwe ndogo. Ukibonyeza kwa pupa unabandua seli ambazo kifo kilikuwa kimezisamehe.

Kukata ndiko kulikonichukulia muda mrefu kuliko yote, na ndiko ninakotaka kukaa kidogo. Mrija wa nyongo, tawi la ateri ya ini na tawi la vena ya lango husafiri pamoja ndani ya ala moja ya tishu unganishi, ile iliyopewa jina la Francis Glisson, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1654. Mara nyingi vena ndiyo kubwa na laini, ateri ni ndogo na ngumu, na mrija wa nyongo una ukuta mnene wenye rangi ya kijani au njano. Nilikuwa napitisha waya laini ndani ya mrija ili nijue unaelekea wapi, kisha nautoa, na kukata vipande vya milimita 3 hadi 4 vinavyoupita mrija kwa pembe ya mraba, kuanzia langoni kwenda ndani. Kila kipande nilikipaka wino mweusi upande wa juu na kukipa namba kwa mpangilio wa kukatwa kwake, na mchoro wa mkono wa ini lile ulibaki daftarini, namba zikiwa juu yake. Wenzangu walinicheka kwa michoro hiyo. Picha ya simu inafaa, lakini haionyeshi pale ulipoamua kugeuza kisu kwa sababu mrija ulipinda, na mrija hupinda kila mara.

Kutoka hapo kazi huingia mikononi mwa mteknolojia, na ushauri wangu ni kumweleza mapema unatafuta nini badala ya kumpelekea kaseti, yaani vikasha vya vipande, na fomu tupu. Yule niliyefanya naye kazi alipoelewa habari ya safu mbili, alianza kuangalia mwenyewe upande wa wino kabla ya kumwaga nta, na baada ya hapo hatukupoteza tena mwelekeo wa kipande. Tatizo letu kubwa lilikuwa umeme. Mashine ya kuandaa tishu ikisimama usiku, vipande hubaki ndani ya alkoholi kali kwa saa zaidi ya zilizopangwa, hukauka, na asubuhi vikifika kwenye mikrotomu, mashine ya kukata tishu vipande vyembamba, hupasuka badala ya kukatika. Tulikubaliana kutoiacha mashine ifanye kazi usiku wa mwisho wa juma, wakati ambapo hakuna mtu wa kuiangalia. Visu vya mikrotomu vya kutupwa pia ni gharama. Ukuta wa mrija una kolajeni nyingi na huvichosha upesi, na kisu kilichochoka huacha mistari inayokatisha tezi katikati.

Mikato yetu ilikuwa ya unene wa mikroni 4, na katika baadhi ya bloku, yaani vipande vilivyokwisha kugandishwa ndani ya nta, tulikata mfululizo bila kuacha nafasi. Huo mfululizo ndio ulionifundisha zaidi kuliko slaidi nyingine zote kwa pamoja. Kishada cha tezi kinachoonekana kama kisiwa ndani ya tishu unganishi, ukikifuata slaidi baada ya slaidi, hutoa mfereji mwembamba unaokwea kwa mshazari, unapenya ukuta na kufunguka ndani ya njia ya nyongo. Asiyeufuata ataviona vipande vitatu tofauti na kuvipa majina matatu. Pembeni mwa vishada kuna mtandao wa mishipa midogo ya damu inayotoka hasa kwenye matawi ya ateri ya ini, na neva ndogo zinapita karibu sana.

Kwa rangi, hematoksilini na eosini inatosha kuzitambua, lakini haitoshi kuzieleza. Seli za ute zina kiini kilichobanwa chini na sehemu ya juu iliyopauka. Seli za majimaji zina punje na kiini cha mviringo. Rangi iitwayo PAS huonyesha ute kwa rangi ya waridi iliyokolea, ila ini lina glaikojeni nyingi, yaani sukari iliyohifadhiwa, nayo hushika rangi hiyohiyo, hivyo slaidi ya pili lazima ipitishwe kwanza kwenye kimeng'enya cha diastesi kinachoila glaikojeni na kuuacha ute. Diastesi iliisha katikati ya kazi. Mkuu wa maabara, bila hata kutabasamu, alituambia tutumie mate, kwa kuwa yana amilesi inayofanya kazi ileile, na kumbe ni njia ya zamani inayojulikana katika maabara nyingi. Ilifanya kazi. Rangi ya buluu ya alshiani katika pH 2.5 ilionyesha ute wenye asidi. Kingamwili za kutambua sitokeratini 7 na 19, protini zinazotambulisha seli za mirija, zingependeza, lakini kichupa kidogo huagizwa nje, husafirishwa kwa ubaridi, na bei yake pamoja na usafiri ingemeza nusu ya fedha zangu. Swali langu lilihusu umbo na mpangilio, nalo halikuzihitaji. Mwanafunzi ajiulize swali hilo kabla ya kukopa.

Katika ini moja nilikutana na kitu kilichonikosesha usingizi: ndani ya kishada cha tezi palikuwa na seli za umbo la piramidi, chini zikiwa za buluu, juu zikiwa na punje nyekundu, zimejipanga sawa kabisa na seli za kongosho. Nilidhani bloku zimechanganyika. Tulirudi kwenye namba, tukarudi kwenye mchoro, tukakata tena, zilikuwa palepale. Terada na wenzake walikwisha kueleza jambo hili mwaka 1990 baada ya kuchunguza maini 1,000 ya waliofanyiwa uchunguzi wa maiti mfululizo, na tishu ya kongosho ilionekana katika takriban 4 kati ya kila maini 100. Si ajabu ukizingatia kwamba mirija ya nyongo na sehemu ya kongosho huchipuka mahali pamoja katika utumbo wa kijusi. Mwaka 2011 watafiti wa Roma na wenzao wa Marekani walionyesha kwamba ndani ya tezi hizi kuna seli za asili zenye uwezo wa kugeuka kuwa seli za ini, seli za mirija, hata seli za visiwa vya kongosho. Mtahini wangu mmoja aliuliza tezi ndogo hivi zina faida gani kwa mgonjwa, na hapo ndipo pa kuanzia jibu.

Jibu la pili linatoka kwenye upandikizaji wa ini. Seli za ini hupata damu kutoka vena ya lango na ateri, lakini mirija ya nyongo huitegemea ateri, kwa hiyo huumia zaidi ini linapokaa bila damu. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliripoti mwaka 2014 kwamba uso wa ndani wa mrija ulikuwa umebanduka katika karibu maini yote yaliyopandikizwa waliyoyachunguza, ilhali waliopata baadaye makovu ya kuibana mirija ni sehemu tu ya wagonjwa hao. Kilichowatofautisha ni kuumia kwa tezi za ndani zaidi na mtandao wa damu unaozilisha. Niliposoma hayo niliikumbuka ile mirija yangu isiyo na ngozi ya ndani, na nikaelewa kwa nini tezi zilizobaki nzima pembeni zina uzito: mrija unaojirekebisha huanzia huko.

Jibu la tatu ndilo linaloigusa maabara yetu kila wiki, nalo ni saratani. Mgonjwa anakuja na manjano, mrija umebanwa langoni mwa ini, anachukuliwa kipande kidogo kilichominywa na koleo, na ndani yake kuna tezi. Je, ni saratani ya mirija ya nyongo au ni tezi hizihizi zilizoongezeka kwa sababu ya mwasho wa muda mrefu? Nimeona jibu likitolewa kwa haraka upande wa saratani, na nimeona pia kinyume chake. Anza na lenzi ndogo, wala usiikimbilie kubwa. Tezi za kawaida, hata zikiwa nyingi, hubaki katika vishada vyenye mpaka, pembeni mwa mrija. Saratani hutawanyika bila mpango, tezi zenye pembe zikiwa ndani ya tishu ngumu inayozizunguka. Kisha ndipo ukuze: katika saratani, viini ndani ya tezi moja hutofautiana ukubwa hata mara nne, na seli huingia ndani ya ala ya neva. Tezi ya kawaida kuwa karibu na neva si dalili. Nimekwisha kusema kwamba neva zinapita hapo. Kuizingira neva ndani ya ala yake ni jambo jingine.

Yapo pia mazingira yanayoziongeza tezi bila saratani, na historia ya mgonjwa ndiyo inayoyafichua. Mawe ndani ya mirija ya ini huzichochea sana. Vivyo hivyo minyoo bapa ya ini katika Asia ya Mashariki na kaskazini mashariki mwa Thailand, ambako kuzidi huko kwa miaka mingi hutangulia saratani kwa baadhi ya watu. Kwetu tunaona zaidi ini lililojaa makovu kutokana na homa ya ini ya B au pombe, na katika maini hayo tezi za langoni huweza kutanuka na kuwa vifuko vya maji vilivyojipanga kandokando ya mirija. Kwenye picha ya ultrasaundi vifuko hivyo hudhaniwa kuwa mirija iliyopanuka kwa kuziba, na mgonjwa huenda akaandaliwa kwa upasuaji asiouhitaji. Daktari wa picha na daktari wa patholojia wakizungumza kabla ya hapo, jambo huisha kwa simu moja.

Kwa upande wa kuandika ripoti, ninachokisisitiza kwa wanaoanza ni kutaja mahali kabla ya kutaja tezi. Sindano ya biopsi ya ini huingia kati ya mbavu na kuchota tishu ya pembezoni, mahali penye mirija midogo tu, kwa hiyo kutokuona tezi katika kipande hicho hakumaanishi lolote na hakupaswi kuandikwa kama upungufu. Lakini tezi za ute zenye mpangilio wa vishada zikionekana ndani ya kipande cha sindano, kitu cha kwanza cha kuuliza ni kama sindano ilikwenda ndani zaidi na kukaribia lango. Ninampigia simu aliyechoma sindano, namuuliza kina na upande, naomba picha iliyomwongoza, na bloku inarudi kwenye mikrotomu kukatwa mfululizo kabla neno uvimbe halijaandikwa kwenye fomu.